Ujumbe umesimbwa, mbona bado tunaibiwa? Majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kama programu za ujumbe za WhatsApp na Signal ni salama kama wanavyosema, mbona watu bado wanatapeliwa na kuchunguzwa humo humo? Kabla ya kujibu, neno moja tuliweke sawa. Ujumbe unaposimbwa kutoka mwisho hadi mwisho, simu yako huuvuruga kabla haujatoka, na ufunguo wa kuurudisha katika hali yake uko kwenye simu ya mpokeaji tu. Kampuni ya simu, mwenye Wi-Fi ya hoteli, hata seva (kompyuta kuu) za WhatsApp zenyewe, wote wanabeba mzigo uliofungwa. Lakini kinacholindwa hapo ni njia. Simu iliyo mkononi mwako, laini yako na nakala za mazungumzo yako haviingii kwenye ulinzi huo, na mtaona kuwa maswali karibu yote yanaangukia hapo.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama thelathini. Jumamosi nilipigiwa na mtu aliyesema anatoka kampuni ya simu, kwamba usajili wa laini yangu una kasoro, nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwa meseji. Nikamsomea. Dakika chache baadaye WhatsApp yangu ikajifunga, na wenzangu wakaanza kuombwa hela kwa jina langu. Si tunaambiwa haidukuliki? — Mweka hazina, Morogoro

Pole sana, mama. Hakuna aliyevunja usimbaji. Tarakimu zile sita ndizo WhatsApp huzitumia kuhakikisha kuwa anayefungua akaunti ndiye mwenye namba. Tapeli aliandika namba yako kwenye simu yake, msimbo ukaja kwako, ukampa. Kisingizio cha usajili kinawanasa wengi kwa sababu kila mtu anakumbuka foleni za alama za vidole za 2019 na 2020.

La kwanza kufanya ni kupiga simu za kawaida kwa viongozi wa kikundi, uwaambie wasitume hata shilingi na wamwondoe "wewe" wa bandia kwenye kikundi. La pili, fungua WhatsApp, andika namba yako, omba msimbo mpya, uuingize. Hapo hapo tapeli anatupwa nje. Huenda ukaulizwa namba nyingine ya siri usiyoijua, maana wezi wengi huwahi kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili ili wakufungie nje. Ikiwa hivyo, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo namba. Siku hizo saba zinaumiza, ila jambo moja likutulize: hata kabla hujaijua namba hiyo ya siri, yeye ameshatolewa pale ulipoingiza msimbo wa meseji.

Ukisharudi, nenda Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita zako mwenyewe, na usiruke sehemu ya barua pepe, kwani ndiyo njia ya kujiokoa ukizisahau. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, wala usirudie namba ya siri ya M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa).

Kuna aina ya pili ya wizi huu ambayo watu wengi hawaijui. Unaambiwa upige namba inayoanza na nyota mbili na 21 au 67, kisha namba ya simu, kisha alama ya reli. Hiyo ni amri ya kuhamisha simu zako ziende kwa mtu mwingine. Kisha tapeli anaomba WhatsApp impigie kumsomea msimbo kwa sauti, na simu hiyo inaingia kwake, wewe hujaona meseji yoyote. Kujikagua, piga *#21#, halafu *#67#, halafu *#62#. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002#, ambayo hufuta uhamishaji wote. Kwenye *#62# usishtuke ukiona namba ya kampuni yako ya simu: mara nyingi ni ya sanduku la sauti.

Uliuliza pia mwishoni mwa barua kama alisoma mazungumzo ya zamani. Hapana. Yale yamo kwenye simu yako, hayako kwenye seva. Alichokiona ni majina ya vikundi ulivyomo, wanachama wake, na ujumbe ulioingia kipindi akiwa ndani. Kwa hiyo kama kuna mtu alituma namba ya siri au picha ya kitambulisho kikundini siku ile, ajue imeonekana.

Nikiibiwa simu yenyewe je? — Msomaji, Kisumu

Mwizi mjanja hahangaiki na kioo chako kilichofungwa. Anachomoa laini, anaitia kwenye simu nyingine, anaomba msimbo. Dawa ni kuweka PIN kwenye laini yenyewe, kwenye mipangilio ya usalama ya simu, sehemu ya kufunga kadi ya SIM. Itakuuliza PIN ya sasa, ambayo ni ile ya kiwandani iliyoandikwa kwenye kadi ilimong'olewa laini. Usibahatishe: ukikosea mara 3 laini inajifunga na utahitaji namba ya PUK, nayo imeandikwa kwenye kadi ile ile. Watu huitupa siku ya kwanza. Kama huna, pitia kwanza kwa kampuni yako ya simu ukaulize.

WhatsApp imeniandikia: "Msimbo wako wa usalama na dada umebadilika." Dada yuko Muscat, mimi Unguja. Kuna mtu katikati yetu? — Msomaji, Mwanakwerekwe

Uwezekano mkubwa ni kwamba dada amenunua simu mpya au ameifuta WhatsApp na kuiweka tena. Kila usakinishaji mpya hutengeneza funguo mpya, na tangazo lile linakuambia hivyo tu. Lakini ujumbe huo huo ungetokea kama mtu angekuwa ameiteka namba ya dada kama ilivyompata mama wa Morogoro hapo juu. Kwa hiyo usiupuuze, hasa ukifuatiwa na ombi la pesa.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Fungua mazungumzo na dada, gusa jina lake juu, kisha gusa sehemu ya usimbaji. Utaona tarakimu 60, zimepangwa katika mafungu 12 ya tarakimu tano tano, na juu yake picha ya mraba ya kuskani. Yeye afanye vivyo hivyo kwake. Tarakimu zikilingana zote, hakuna aliyeingia katikati. Mkiwa pamoja chumba kimoja mnaskani tu, sekunde mbili. Mkiwa mbali, mpigie simu ya video, umwone, msomeane fungu moja moja. Kosa ambalo watu hufanya ni kutumiana picha ya tarakimu hizo kwenye mazungumzo yale yale mnayoyashuku. Kama kuna mtu katikati, atakutumia anachotaka uone. Tumieni njia nyingine.

WhatsApp haikuonyeshi matangazo haya mpaka uwashe: Mipangilio, Akaunti, Arifa za usalama. Signal huyaonyesha bila kuombwa, na ina kitu cha ziada tunachokipenda. Ukishahakiki namba ya mtu unaweza kumwekea alama kuwa amethibitishwa, na siku namba hiyo ikibadilika Signal itakusimamisha uridhie kabla ya kumtumia chochote.

Kwani WhatsApp na Signal zina tofauti gani, ikiwa zote zinasimba? Na Telegram? — Mwanafunzi, Dodoma

Ufundi wa kusimba ni mmoja. Ulibuniwa na watu wa Signal, na WhatsApp ikakamilisha kuutumia kwa watumiaji wake wote Aprili 2016. Ndani yake ufunguo hubadilika kwa kila ujumbe, hivi kwamba hata mtu akiupata ufunguo wa ujumbe mmoja, hausaidii kufungua ulizotuma jana.

Tofauti iko kwenye kile kinachobaki nje ya bahasha: nani anazungumza na nani, saa ngapi, mara ngapi, akiwa wapi. WhatsApp ni ya Meta, kampuni inayoishi kwa matangazo, na inakusanya mengi ya hayo ingawa haisomi maneno yako. Signal iko chini ya wakfu usio wa faida, ulioanzishwa 2018 na Moxie Marlinspike na Brian Acton, huyo Acton akiwa mmoja wa waasisi wa WhatsApp. Mwaka 2016 hati ya mahakama kutoka Virginia, Marekani, iliwataka Signal watoe habari za mtumiaji wao. Walichokuwa nacho ni vitu viwili: akaunti ilifunguliwa lini, na lini iliunganishwa na seva mara ya mwisho. Huwezi kulazimishwa kutoa usichokihifadhi, na hii kwetu ndiyo sababu kubwa ya kuichagua Signal pale maongezi yanapohusu afya, kesi au kazi ya habari.

Telegram iweke kando. Mazungumzo yake ya kawaida, na vikundi vyake vyote, hayasimbwi kutoka mwisho hadi mwisho. Ni "mazungumzo ya siri" tu, ambayo lazima uyawashe mwenyewe na ni ya watu wawili.

Jambo moja la WhatsApp lisilojulikana sana: mtu akibonyeza kukuripoti, ujumbe 5 wa mwisho uliomtumia unapelekwa WhatsApp, wazi. Usimbaji haujavunjwa, kwani ni mpokeaji mwenyewe ndiye aliyeutoa.

Nilienda steshenari kuchapisha barua. Kijana wa pale aliniambia niskani picha ya mraba ya WhatsApp kwenye kompyuta yake, nikachapa, nikaondoka. Wiki nzima sasa nina wasiwasi. — Mwalimu, Mbeya

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi, na tafadhali fanya hili kabla hujaendelea kusoma. Fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu, ingia Vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha: aina ya kivinjari, na mara ya mwisho kilipotumika. Gusa usichokitambua, kisha toa.

Ulipoiskani ile picha ya mraba uliifanya kompyuta ya steshenari kuwa kifaa chako halali. WhatsApp inaruhusu vifaa 4 kwa wakati mmoja juu ya simu yenyewe, na kufunga ukurasa hakukutoi. Kompyuta hiyo inaendelea kupokea kila kitu, na usimbaji unafanya kazi yake barabara kabisa, maana umeisimbia na kompyuta hiyo pia. Vifaa hivyo hujitoa vyenyewe simu yako isipotumika siku 14, lakini nani anakaa siku 14 bila simu?

Wajasusi wa kweli nao hutumia mlango huu. Februari 2025 watafiti wa usalama wa Google walieleza jinsi vikundi vinavyofungamana na Urusi vilivyowatumia Waukraine picha za mraba zilizojifanya mialiko ya vikundi vya Signal. Aliyeskani alikuwa anaunganisha kifaa cha adui na akaunti yake. Kwa hiyo iwe Signal au WhatsApp, picha ya mraba ya kuunganisha kifaa iskani pale tu ulipofungua mwenyewe ukurasa huo kwenye kompyuta yako.

Na kwa kuchapisha? Beba faili kwenye flashi, au itume kwa barua pepe ya duka. Ukiituma kwa WhatsApp ya duka, baki pale mpaka umwone kijana akiifuta kwenye mazungumzo na kwenye faili zilizopakuliwa, hasa ikiwa ni kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa. Nakala ya NIDA iliyoachwa kwenye kompyuta ya watu ni hatari kuliko ujumbe wowote.

GB WhatsApp ina shida gani? Inaonyesha hata status zilizofutwa. — Kijana, Temeke

Iondoe leo. Si ya WhatsApp. Mtu asiyejulikana ameifungua programu, akaingiza mambo yake, akaifunga tena. Ujumbe husimbuliwa ndani ya programu ili uusome, na programu hiyo ni yake. Anaweza kuunakili wote na usijue. WhatsApp nao hufungia akaunti zinazotumia programu za aina hiyo, kwanza kwa muda, baadaye moja kwa moja. Kabla ya kuiondoa hamisha picha unazozihitaji, kwani nakala zake mara nyingi hazikubaliki kwenye WhatsApp halisi.

Ninauza vitenge mtandaoni na nina wateja wasumbufu. Naweza kuzungumza na watu bila kutoa namba? — Mfanyabiashara, Mombasa

Kwenye Signal, ndiyo, tangu 2024. Na huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Namba ya simu si namba tu: mtu akianza kukutumia pesa, jina lako la usajili linamtokea kwenye kioo hata kabla hajakamilisha. Kumpa mgeni namba ni kumpa jina lako kamili.

Bado utajisajili Signal kwa namba, hilo halikwepeki. Kisha ingia Mipangilio, Faragha, Namba ya simu. Kuna maswali mawili pale, na watu hujibu la kwanza wakadhani wamemaliza. La kwanza ni nani anaweza kuiona namba yako: weka hakuna. La pili ni nani anaweza kukupata akiwa na namba yako: hili huachwa wazi kwa kila mtu, nalo liweke hakuna. Ukiliacha, mteja aliyepata namba yako kwenye bango atakupata tu. Baada ya hapo rudi kwenye wasifu wako uunde jina la mtumiaji, ambalo lazima liishie na angalau tarakimu mbili. Wateja wape jina hilo, au kiungo chake. Msumbufu akizidi, unamzuia, na ukibadilisha jina, la zamani halimfikishi mwingine popote. Ila aliyekuwa nayo tayari namba yako kwenye simu yake ataendelea kuiona.

Nimebadili simu, Signal ikaja tupu. Mazungumzo ya miaka mitatu na marehemu mama yamepotea. Mnaweza kunisaidia? — Msomaji, Bujumbura

Pole kwa msiba, na pole kwa hili. Ikiwa simu ya zamani bado inawaka na Signal haijafutwa ndani yake, usiiguse vibaya: bado kuna tumaini. Kama bado umejisajili kwenye simu ya zamani tu, ziweke simu mbili karibu, kwenye Wi-Fi moja, zote zikiwa na chaji, na wakati wa kujisajili kwenye mpya chagua kuhamisha kutoka kifaa cha zamani. Hii inafanya kazi Android kwenda Android, iPhone kwenda iPhone. Ukishajisajili kwenye mpya, ya zamani inajitoa, lakini ujumbe uliomo haufutiki wenyewe. Kwenye Android tafuta humo sehemu ya nakala, utengeneze nakala ya ndani, andika karatasini tarakimu 30 inazokupa, hamisha faili kwenye simu mpya, futa Signal ya simu mpya na uiweke tena, kisha uchague kurejesha. Ukikosea hata tarakimu moja kati ya 30, faili halifunguki, na Signal wenyewe hawana pa kukutolea nyingine.

Ikiwa simu ya zamani imeuzwa au imefutwa na hukuwahi kutengeneza nakala, ujumbe haupo popote. Tunasikitika kukuambia hivyo. Signal haikuwa na nakala yake, kwa sababu ile ile inayowazuia wengine kuusoma. Kitu kimoja bado unaweza kukijaribu: kama uliwahi kuunganisha Signal kwenye kompyuta, ifungue bila kuipa intaneti, uone kama mazungumzo yamo, na uyapige picha kabla ya jambo jingine lolote. Pia simu ya mama mwenyewe, kama ipo katika familia, ina upande wake wa mazungumzo hayo hayo.

Kwa wengine: WhatsApp kwa kawaida huweka nakala Google au iCloud, na nakala hiyo haisimbwi mwisho hadi mwisho mpaka uwashe mwenyewe, jambo lililowezekana tangu Oktoba 2021. Ni Mipangilio, Mazungumzo, Nakala ya mazungumzo, Nakala iliyosimbwa. Utachagua nywila au ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Ukipoteza ufunguo huo, nakala nayo imekwenda. Uandike karatasini, uweke pale unapoweka hati ya kiwanja.

Ujumbe unaojifuta unajifuta kweli? — Msomaji, Arusha

Unajifuta kwenye simu zenu, ndiyo. Mwenzako akipiga picha ya skrini, au akiipiga kwa simu nyingine, umeshabaki. Kwenye WhatsApp saa huanza kuhesabu unapotuma, na chaguo ni saa 24, siku 7 au siku 90. Kwenye Signal kwa mpokeaji huanza akiusoma. Angalieni picha: zikijihifadhi kwenye gala ya simu, na gala ikajinakili Google, ujumbe utakufa na picha itabaki mawinguni. Zima uonekanaji wa midia kwenye mazungumzo nyeti.

Kikundi chetu cha ukoo kina watu 180. Ni siri? — Mzee, Bukoba

Mzee wetu, kikundi kimesimbwa, ila simu 180 zinausoma kila ujumbe, pamoja na wajukuu wanaoazima simu hizo. Machi 2025 maafisa wakubwa wa serikali ya Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kikundi cha Signal wakiwa wamemwongeza mhariri wa jarida bila kujua. Signal haikukosea popote. Mambo ya mirathi na hesabu za msiba fungueni kikundi kidogo, na msimamizi azime kuingia kwa kiungo, asome orodha ya wanachama jina kwa jina.

Ninaacha laini yangu ya zamani. Nifanye nini na WhatsApp? — Msomaji, Nairobi

Usiiache tu izime. Laini isiyotumika hurudishwa sokoni na kupewa mtu mwingine, naye akijisajili WhatsApp ataanza kupokea ujumbe wa watu waliokuhifadhi wewe. Ukiwa bado na laini zote mbili, tumia Mipangilio, Akaunti, Badilisha namba, na ukubali wawasiliani wako wajulishwe. Kisha pitia benki, pesa za simu, Google na Facebook, uondoe namba ile kila mahali ilikowekwa kupokea misimbo. Fanya haya laini ya zamani ikiwa bado inashika mtandao, kwa kuwa baadhi yao watatuma msimbo wa mwisho huko huko.